Nyumba ya Simenti ya Eduvigen

Eduvigen Archuleta alipewa na mwanawe muda mpaka theluji ya kwanza. Kuta za nje zikipigwa lipu mpya kabla haijaanguka, baba atabaki nyumbani. Zisipopigwa, Fermín atapanda milimani na gari kutoka mjini Albuquerque, amchukue mzee na kumpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu na kazini kwake. Aliyasema hayo kwenye simu kwa upole, upole wa mtu ambaye ameshaamua, na upole huo ndio uliomkata mama yake maini.

Si kwamba Fermín alikuwa mtoto mbaya. Aliyeanza ni nesi wa wilaya, anayekuja kumpima presha Onofre, mume wa Eduvigen. Aliziona nyufa, akapitisha kiganja ukutani, akahisi upepo ukimpuliza vidole, akaguna. Mtu aliyepooza upande mmoja, tena mwenye kifua kibovu cha mgodini, halazwi kwenye chumba cha upepo. Onofre naye, tangu kiharusi kilipomwangusha, alikuwa na neno lake moja ambalo alilitoa kwa shida kwa upande wa mdomo uliobaki mzima: "Humu nitatoka ndani ya sanduku la maiti." Eduvigen alimshika mkono akamwahidi kuwa ndivyo itakavyokuwa. Alimwahidi mbele ya picha ya Bikira wa Guadalupe, na kijijini Ojo Hondo hakuna mtu anayechezea ahadi ya namna hiyo.

Basi akaanza kuitayarisha nyumba, mwanamke wa miaka sabini na ushee, peke yake. Akazihamisha kuni zote zilizopangwa kwenye ukuta wa mashariki. Akayashusha mashada ya pilipili nyekundu barazani. Akayafyeka yale maua marefu yaliyokuwa yakijiotea chini ya madirisha tangu enzi za mama mkwe wake, akang'oa taa ya mlangoni, na zile pembe za kulungu ambazo Onofre alizipigilia wakati bado anawinda, akazifunga kwenye blanketi. Madirisha akayaziba kwa nailoni. Akachimbua udongo uliokuwa umepanda miguuni mwa kuta, akaufagia mpaka mstari wa chini ukaonekana.

Librada, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, alikuja kumtazama. Hao wawili wanaitana komadre, kwa kuwa Librada ndiye aliyemshika Fermín siku ya ubatizo.

"Komadre, nyumba unaipiga lipu au unaioza?"

"Ningeioza ningekualika, wewe mla keki."

"Na mkwe ni nani? Mafundi wa mjini Santa Fe?"

"Ndio hao hao. Wana magari mapya na mavazi ya sare. Siyo mafundi wa hapa kijijini, kina Eloy, ambao ukiwaita Jumatatu wanakuja Krismasi."

"Haya. Mimi nitavaa gauni langu la bluu, huenda kati yao kukawa na mjane."

Walicheka, na Onofre aliwasikia kutoka kitandani. Alipenda kuwasikia wanawake hao wakitaniana.

Sasa lazima niseme habari ya nyumba yenyewe, maana balaa lote limetoka humo. Eduvigen alipoingia kama mwali, kuta zilikuwa tofali za udongo, zimekandikwa kwa udongo. Huko milimani, wanaume hupanga tofali na kupandisha boriti za paa, lakini kukandika ni kazi ya wanawake. Wao ndio wanaouponda udongo kwa miguu pamoja na mabua ya ngano, wakaubandika kwa viganja, wakausawazisha kwa kipande cha ngozi ya kondoo, na mvua za kiangazi zikipita wanarudia tena. Mama mkwe wake alikuwa hodari wa kazi hiyo na hakuwa na huruma hata chembe. Alimpandisha Eduvigen kwenye ngazi akiwa na mimba kubwa ya Fermín, naye akakaa chini akimwonyesha kwa fimbo sehemu alizoziruka. Vidole vya Eduvigen vilipasuka mpaka akashindwa kukanda unga wa mikate, na kila jioni alivipaka mafuta ya nguruwe huku machozi yakimtoka.

Onofre aliviona vidole hivyo. Aliporudi kutoka mgodini Colorado, alirudi na lori la simenti. Akazitandazia kuta wavu wa chuma juu ya ule udongo, akapiga simenti nyumba nzima kutoka chini hadi kwenye paa, akaipaka rangi ya waridi. Alipomaliza aliishika mikono ya mkewe mbele ya watu, jambo ambalo mwanamume wa kule halifanyi, akamwambia, "Hii sasa ipumzike." Hakuna kitu alichowahi kupewa Eduvigen kikamfurahisha kama kile.

Kijiji kizima kilipita kuitazama. Tangu siku hiyo ukiuliza kwa Archuleta utaulizwa ni Archuleta yupi, na ukisema yule wa nyumba ya simenti, hata mtoto atakupeleka. Neno udongo likafukuzwa nyumbani. Udongo ni wa watu wa chini, wa kina fulani kule bondeni ambao paa linavuja na bado wanamiliki farasi. Mwaka baada ya mwaka majirani nao wakavisha nyumba zao simenti, kila mmoja akijiona ameukata. Ndiyo maana siwezi kumcheka Eduvigen peke yake. Kama ni ujinga, ulikuwa wa bonde zima, na mzizi wake ulikuwa mapenzi.

Alipopiga simu kwa ile kampuni, aliyepokea alikuwa binti wa ofisini, mchangamfu, mwenye maswali yake tayari. Nyumba ina ghorofa ngapi. Ina umri gani. Rangi gani inatakiwa.

"Na nyumba ni ya nini, bibi?"

"Ya simenti," Eduvigen akajibu, na shingo yake ikanyooka kana kwamba yule binti anamwona.

"Safi sana. Basi kabla mafundi hawajafika, kuta zioshwe kwa mashine ya presha, zote, vizuri kabisa. Lipu mpya haishiki kwenye vumbi. Halafu ziacheni zikauke."

"Zitaoshwa, mwanangu. Mimi sipokei wageni nyumba ikiwa chafu."

Hakudanganya. Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu baadaye wako waliosema bibi alidanganya. Mtu akilitaja jambo kwa jina moja zaidi ya miaka arobaini, na wote wanaomzunguka wakalitaja vivyo hivyo, jina hilo ndilo linalotoka mdomoni. Na yule binti naye, angejuaje? Yeye amekulia kwenye nyumba za mbao huko mjini.

Mashine aliiazima kwa Eloy, anayeitumia kuoshea malori. Akavaa buti za Onofre, akajifunga kitambaa kichwani, akalishika lile bomba likamrusha nyuma mara ya kwanza hadi akakaa kitako kwenye matope, naye akainuka akicheka. Akaosha. Maji machafu ya rangi ya waridi yakamiminika mpaka kwenye mfereji. Librada aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha kahawa mkononi, akimwelekeza.

"Pale juu bado, komadre. Pale pana kinyesi cha mbayuwayu."

"Njoo ukitoe kwa ulimi."

"Na pale kwenye ufa, mbona maji yanaingia tu na hayatoki?"

"Yatatoka. Yataenda wapi?"

Akalielekeza bomba kwenye ufa wenyewe, auoshe na ndani, asije akaambiwa ameacha uchafu.

Alimaliza siku ya pili, mgongo ukiwa hauinuki, na nyumba ikang'aa kwa jua la jioni kama ilivyong'aa siku ile Onofre alipoipaka rangi. Alimwinua mumewe kwenye mito akabandua nailoni, akamfungulia dirisha aone kipande cha ukuta wa baraza. Onofre akatabasamu nusu. Eduvigen alilala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu kiharusi.

Kilichotangulia ni harufu. Asubuhi moja chumba cha Onofre kilinuka kama pishi la viazi. Siku iliyofuata dirisha likakataa kufunguka, kwa sababu fremu ilikuwa imebanwa na ukuta ulioanza kutitia. Halafu, juu kidogo ya kichwa cha kitanda, plasta ya ndani ikafanya mstari. Kufikia mchana mstari ule ulikuwa unaingiza ukucha, na jioni ukaingiza kidole.

Eduvigen akaingiwa na hofu ambayo sijui niielezeje. Hakumwambia mtu. Akauziba ufa kwa vitambaa, akaning'iniza juu yake blanketi la kusuka, akamwacha Onofre adhani kuwa ni kwa ajili ya baridi. Akalisogeza jiko la kuni karibu na mlango wa chumba, akalishindilia kuni mpaka bomba likawa jekundu, akidhani ataukausha ukuta kama mtu anavyokausha shati. Akatoka nje akaugusa kwa kiganja, na simenti ilikuwa kavu kabisa, ngumu, nzuri. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Nje pakavu, ndani panaoza, na yeye amesimama katikati na mkono wake ukutani akimwomba Bikira.

Akapiga simu kwa kampuni. "Waje leo, mwanangu. Waje hata kesho alfajiri."

"Bibi, ratiba imejaa. Mmewekwa Jumatano."

"Jumatano mbali. Naona mawingu huku."

"Kwani kuna tatizo?"

Hapo angeweza kusema. Koo lilikuwa wazi na neno lilikuwa tayari. Lakini akaona kuwa akisema, hawatakuja kabisa, na wasipokuja Fermín atakuja. "Hapana," akasema. "Hakuna tatizo."

Librada alifika na sufuria ya maharage, akaingia moja kwa moja chumbani kumsalimu mgonjwa, akaliona blanketi. Akalifunua kabla hajazuiwa. Akalirudisha taratibu, akamvuta mwenzake jikoni, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa utani.

"Komadre. Mtoe humo."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Kwangu. Popote."

"Kwako kuna ngazi, na choo kiko nje. Na ukimhamisha leo, kesho kila mtu anajua, na kesho kutwa Fermín anajua. Nyamaza mpaka Jumatano. Nakuomba kwa ubatizo wa mtoto."

Librada alinyamaza. Hata leo analia akikumbuka kwamba alinyamaza.

Jumatano mafundi wakafika, watu watatu, na gari lao lilikuwa jipya kweli. Mkubwa wao aliitwa Amarante Lucero, mtu mzima wa upara, mpole, ambaye kabla ya kupandisha jukwaa ana desturi ya kuizunguka nyumba yote akiigonga kwa mpini wa nyundo. Eduvigen alimfuata nyuma hatua kwa hatua huku mikono ameifunga ndani ya aproni. Upande wa kusini nyundo ililia ko, ko. Upande wa mashariki, nje ya chumba cha Onofre, ikalia kama mtu anayegonga debe lililojaa uji. Amarante akasimama.

"Mama, hii ni nini?"

"Simenti."

"Naiona simenti. Ndani yake?"

Amarante akamtazama usoni, akauelewa ule uso, akaanza kuuliza kwa sauti ya chini zaidi.

"Nani amewaambia muoshe?"

"Ofisini kwenu. Waliniuliza nyumba ni ya nini." Akaitoa mikono kwenye aproni. "Ni ya udongo, bwana. Ni nyumba ya udongo. Sisi sote huku tumekaa kwenye udongo."

Amarante akachomeka ncha ya nyundo kwenye ufa, akavuta. Kipande cha simenti kikubwa kama mlango kikaachia pamoja na wavu wake ulioliwa na kutu, na nyuma yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na tope. Likamwagika juu ya viatu vyake, zito, jeusi, pamoja na mabua ya ngano ambayo mwanamke fulani aliyaponda kwa miguu yake kabla hawa wote hawajazaliwa. Vijana wake wawili wakarudi nyuma. Yeye akavua kofia.

"Huu ulikuwa unaumwa zamani, mama. Simenti inazuia udongo usipumue, kila tone linaloingia linabaki humo. Kuuosha kumemalizia tu."

"Nipigie lipu."

"Haiwezekani."

"Nipigie hivyo hivyo. Juu juu. Isimame mpaka theluji ipite, baada ya hapo sikudai kitu."

"Mama, nikipiga lipu hapa nimewafukia. Boriti nne zimelalia ukuta huu. Ndani kuna mtu?"

"Kuna mume wangu."

Amarante akawageukia vijana wake wala hakupandisha sauti. "Miega. Ile mirefu. Sasa hivi."

Walifanya kazi kwa haraka, na kwa heshima, lazima niwape haki yao. Waliziegemeza boriti kwa nguzo hizo ndani na nje, wakakisukuma kitanda cha Onofre na Onofre akiwa juu yake mpaka sebuleni, wakimwita don Onofre, yaani Bwana Onofre, na kumtania kuwa amepata usafiri wa bure. Onofre hakucheka. Alikuwa akiutazama ukuta wake kupitia mlango ulio wazi, na jua lilikuwa linaingia mahali ambapo halijawahi kuingia.

Eduvigen akamfuata Amarante uani, akamshika mkono wa shati.

"Sema kweli. Lini?"

"Simenti yote ivuliwe. Kuta zikauke, na kwa baridi hazikauki. Upande huu ujengwe upya kwa tofali. Masika, mama, theluji ikishayeyuka, mambo yakienda vizuri. Na msilale humu. Siwezi kuondoka nikijua mnalala humu."

Masika. Nesi alishamnong'oneza kwamba Onofre hana Pasaka nyingine. Eduvigen akakaa pale pale juu ya lundo la kuni alizozihamisha kwa mikono yake mwenyewe, akalia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujificha. Vijana wa Amarante wakajitia kutafuta kitu ndani ya gari. Alilia kwa ajili ya ahadi, na alilia kwa hasira, kwa sababu angekaa tu bila kufanya lolote, akaacha vumbi na vinyesi vya mbayuwayu, chumba kingesimama mpaka mwenye chumba aondoke. Nami nadhani hilo ni kweli, na sijui nani angekuwa na moyo wa kumbishia.

Kisha akajifuta kwa aproni, akaingia ndani, akampigia Fermín mwenyewe. "Njoo umchukue baba yako," akasema, akakata kabla hajaulizwa.

Fermín alifika na mawingu yameshashuka hadi kwenye misonobari. Hakusema, "Nilikuambia." Aliutazama ukuta, akamkumbatia mama yake, akaenda kwa baba yake na kuanza kumvisha viatu. Ndipo Onofre akagoma. Alikishika chuma cha kitanda kwa ule mkono wake mmoja mzima, mkono uliochimba mawe maisha yake yote, na Fermín hakuweza kuubandua.

"Baba, nyumba inaanguka!"

"Iniangukie."

"Baba, tafadhali. Usinifanyie hivi."

"Toka. Nenda kwako."

Fermín alivuta, akabembeleza, akapiga kelele, mwishowe akaketi chini sakafuni akiwa analia, mwanamume mzima mwenye mvi. Akamtazama mama yake. Na Eduvigen akajua alichokuwa akijua tangu alipokata simu, kwamba Onofre atamsikiliza mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo itabidi aseme kitu.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Akauweka mkono wake juu ya ule ulioshika chuma.

"Mzee wangu. Ni wiki moja."

Onofre akamtazama.

"Mafundi wanasema wiki moja, wanaurekebisha huu ukuta mmoja. Tunakaa kwa mtoto, tunakula vyakula vyake vibaya, lipu ikikauka tunarudi. Nami nakuja na wewe. Kwani nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Katika ndoa yote ile, kwenye shida na ugomvi na mazishi ya mtoto wao wa kwanza, hakuwahi, na wote wawili walilijua hilo. Macho ya Onofre yakaenda huku na huku usoni mwake. Halafu vidole vikaachia, kimoja kimoja.

"Wiki," akasema.

"Wiki moja."

Walimbeba mpaka kwenye gari, Fermín na Amarante, wakamfunga mkanda. Librada alikuwa amesimama kwenye mfereji akijiziba mdomo kwa shali. Onofre akaitazama milima, akaitazama ile nyumba yenye ubavu wazi, kisha akamwita mkewe kwa kidole.

"Koti langu la baridi," akasema, akijitahidi kulitoa kila neno kamili. "Usilibebe. Litajaza gari bure. Tutarudi kabla ya baridi kali."

"Sawa, mzee wangu."

Alikuwa nalo tayari mkononi, amelikunja, amelificha nyuma ya sketi. Akazunguka upande wa pili wa gari, akalisukuma chini ya kiti mahali ambapo asingeliona, akaingia, akakaa karibu naye.